Bustani ya Nyumbani Nyarugusu: Udongo Safi Kwanza, Stroberi Baadaye

Nyarugusu ni mahali pa dhahabu. Hatusemi Nyarugusu ya Kasulu, mkoani Kigoma, inayojulikana kwa kambi ya wakimbizi. Tunasema Nyarugusu ya Wilaya ya Geita. Zamani eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012.

Hapa watu wengi huchimba, husaga mawe, huosha mchanga, au huwauzia vitu wanaochimba. Hata mkulima wa mahindi na mihogo hujaribu bahati yake duarani wakati wa kiangazi. Lakini dhahabu ina tabia yake. Leo ipo, kesho haipo. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kuona hata chembe. Watoto hawawezi kukaa mwezi mzima bila mboga.

Tena mboga katika vijiji vya machimbo mara nyingi hutoka mbali. Huja juu ya baiskeli au pikipiki. Zikifika zimenyauka na bei imepanda. Mama hununua fungu dogo la mchicha, anagawa kwa watu saba. Kesho yake watu wanakula ugali na dagaa tu. Siku ya tatu ni ugali na dagaa tena.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakajadiliana juu ya chakula bora. Bustani ya mboga ilikuwa moja ya mambo waliyojifunza. Somo hilo halijazeeka. Ila mkulima wa Nyarugusu anahitaji somo moja zaidi, ambalo mkulima wa mahali pasipo na machimbo hana haja nalo sana. Somo hilo ni udongo. Katika vijiji vingine mtu huchukua jembe akalima nyuma ya nyumba yake. Hapa ni lazima aulize kwanza: udongo huu ulifanya kazi gani kabla ya kuwa bustani?

SUMU ISIYOONEKANA

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Wengine huiita mekyuri. Zebaki ni madini ya majimaji, mazito, yanayong'aa kama fedha. Ikichanganywa na mchanga uliosagwa, hushikana na chembe za dhahabu. Kisha donge lile huchomwa motoni. Zebaki hugeuka kuwa mvuke na kupotea angani. Dhahabu hubaki.

Je, zebaki imepotea kweli? Haikupotea. Mvuke ule hupoa, ukatua juu ya paa, juu ya udongo na juu ya majani. Nyingine ilibaki mwaloni, ndani ya mchanga uliooshwa. Mchanga huo ndio marudio. Mvua ikinyesha hubeba marudio mpaka mabondeni, kwenye mbuga ambako watu hulima mpunga na mboga za kiangazi.

Haya si maneno ya kutishana. Mnamo miaka ya 2000 wataalamu walipima udongo, maji na mazao huko Rwamagasa, jirani zetu katika Wilaya hii ya Geita. Waliona kwamba zebaki nyingi iko karibu na mahali pa kuchenjulia dhahabu na pale maji ya mialo yanapofurika. Habari hii ina pande mbili. Upande mmoja ni hatari. Upande wa pili ni faraja, kwa sababu maana yake ni kwamba si udongo wote umeharibika. Udongo mzuri upo, ni kuutafuta tu.

Zebaki humdhuru nani zaidi? Kwanza ni yule anayechoma, kwa kuwa anavuta mvuke. Mikono hutetemeka, mtu husahau, usingizi hupotea. Kisha ni mtoto mdogo, na mtoto aliye tumboni. Ubongo wake ndio unajengwa, na sumu hii huuharibu ukiwa bado mchanga. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, nchini Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakalemaa. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza zebaki, wakauita Mkataba wa Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mmea haunywi zebaki nyingi kwa mizizi. Mboga ya majani huipata zaidi kwa majani yake, kutoka hewani. Kwa hiyo mchicha unaweza kuwa katika udongo mzuri kabisa, na bado ukapata zebaki, ikiwa mtu anachoma dhahabu hatua chache kutoka pale. Kuosha majani huondoa vumbi. Hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Kupika pia hakuondoi.

Basi mke akimwambia mumewe, "Baba watoto, usichomee dhahabu hapa nyumbani," asichukuliwe kuwa ana maneno mengi. Anasema kweli. Usichome jikoni. Usichome uani. Usichome penye bustani, wala penye kisima, wala watoto wanapocheza. Kazi hiyo ina mahali pake, na iko mitungi maalumu ya kukamata mvuke ili zebaki isiruke.

Iko pia sumu nyingine iitwayo aseniki. Hii haikuletwa na mtu. Imo ndani ya mwamba wenyewe. Mara nyingi mwamba wenye dhahabu huwa na aseniki. Mawe yakikaa chini kabisa hayana shida kubwa. Yakitolewa, yakasagwa na kunyeshewa mvua, aseniki hutoka na kuingia katika maji. Mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi, ngozi ya viganja na nyayo huwa ngumu na kuota vidutu. Baadaye anaweza kupata saratani.

MASWALI KABLA YA KUSHIKA JEMBE

Huwezi kuijua sumu hii kwa kuonja udongo wala kwa kunusa. Lakini unaweza kuijua historia ya kiwanja chako. Waulize waliokutangulia.

Je, hapa palikuwa na karasha? Je, palikuwa na mwalo au shimo la maji ya kuoshea mchanga? Kuna mtu aliyewahi kuchoma dhahabu hapa? Kiwanja kilijazwa kwa udongo gani wakati wa kujenga? Watu wengine husawazisha uwanja kwa marudio, kwa kuwa ni mchanga laini na uko karibu. Je, kuna matangi ya sayanaidi jirani? Mvua ikinyesha, maji yanatoka upande gani kuja kwako?

Kama jibu moja ni baya, usipande mboga katika ardhi hiyo. Usiseme, "Mbona mahindi yanaota vizuri?" Mahindi huota hata penye sumu. Mmea kuwa na rangi nzuri si dalili kwamba udongo ni salama.

Wale wanaotaka kuwa na hakika zaidi wamwone afisa kilimo wa kata. Udongo na maji huweza kupimwa maabara. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Kupima kwa mtu mmoja kunaweza kuwa ghali. Kikundi cha akina mama, au shule, au serikali ya kijiji inaweza kupeleka sampuli kwa niaba ya wengi. Fedha za kijiji zikitumiwa hivyo zimetumiwa vizuri.

MAJI

Maji ya bustani yatoke wapi? Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri, ikiwa paa lako haliko karibu na mahali pa kuchomea dhahabu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite. Inaosha vumbi la paa. Kinga ya pili na zile zinazofuata.

Maji ya bomba la mradi na ya kisima kilichopimwa pia ni mazuri. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za aseniki katika lita moja. Watafiti waliopima maji katika ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria wamekuta baadhi ya visima na mito imezidi kiwango hicho. Si yote, ni baadhi. Kwa hiyo uliza kama kisima chenu kimepimwa, na kimepimwa lini. Wakala wa Maji Vijijini, yaani RUWASA, ndio wenye kazi ya maji ya vijijini tangu mwaka 2019. Waulizeni. Ni haki yenu kujua.

Hapa pana kosa moja la kawaida. Watu wamefundishwa kuchemsha maji, na wamefundishwa vizuri. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini kuchemsha hakuondoi aseniki wala zebaki. Maji yakipungua kwa moto, aseniki hubaki sufuriani, tena ikiwa nzito zaidi.

Maji ya mwaloni usimwagilie mboga hata kama kiangazi ni kikali. Maji ya shimo lililoachwa na wachimbaji nayo ni hivyo hivyo.

BUSTANI YA KIROBA

Tuseme kiwanja chako kina mashaka. Au una nafasi ndogo, maana nyumba za machimboni zimebanana. Au umepanga chumba na ardhi si yako. Bado unaweza kulima. Utalima ndani ya kiroba.

Tafuta kiroba kikubwa cha salfeti kilichobeba mahindi au mchele. Usitumie kiroba kilichobebea mawe ya dhahabu. Usitumie mfuko wala pipa lililokuwa na dawa za kuchenjulia, hata kama limeoshwa mara kumi.

Tafuta udongo wa juu kutoka shamba la siku nyingi, mbali na mialo, mahali palipoinuka. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Iache miezi mitatu, igeuke nyeusi na isinuke. Usukumani ng'ombe hatukosi, na samadi yake mara nyingi hutupwa bure. Mwenye kuku achanganye kidogo tu, kwa kuwa samadi ya kuku ni kali.

Wengine hupenda udongo wa kichuguu. Sehemu nyingi ni mzuri. Lakini katika ukanda wa dhahabu kuwa mwangalifu nao. Mchwa huchimba chini sana na kuleta juu udongo wa huko. Ndiyo maana watafiti wa madini hupima udongo wa vichuguu ili kujua mwamba wa chini una nini. Kama mchwa anaweza kuleta habari ya dhahabu, anaweza pia kuleta aseniki inayokaa pamoja nayo.

Sasa jaza kiroba. Chukua kopo kubwa lililokatwa chini na juu, kama la maziwa ya unga au la mafuta ya kula. Lisimamishe katikati ya kiroba. Ndani ya kopo weka vipande vya matofali. Usiweke magwangala, yaani mawe yaliyotupwa na migodi. Pembeni ya kopo weka udongo wako wenye samadi. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute kopo juu, ujaze tena. Fanya hivyo mpaka kiroba kijae. Kopo likitoka, utakuwa na nguzo ya vipande vya matofali katikati. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo, maji hukaa juu na mimea ya chini hukauka.

Toboa matundu madogo ubavuni mwa kiroba, kila moja liwe mbali na jingine kwa urefu wa kiganja. Panga matundu kwa kupishana. Kila tundu litapokea mche mmoja. Juu ya kiroba unaweza kupanda miche mitatu ya nyanya, au ya ngogwe.

Kiroba kiwekwe juu ya mawe au mbao, kisiguse ardhi yenye mashaka. Kipate jua la asubuhi. Kiwe mbali na moshi wa magari na vumbi la karasha. Wakati wa kiangazi mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, juu ya ile nguzo. Maji safi yaliyooshea mchele au mboga usiyamwage. Yapeleke kwenye kiroba. Maji yenye sabuni nyingi hayafai.

NINI KIPANDWE KWANZA

Anza na mchicha. Hauna maringo. Baada ya wiki tatu au nne unachuma. Ukikata juu na kuacha shina, unachipua tena. Panda kiroba cha pili wiki mbili baada ya cha kwanza, ili mboga zisiishe kwa pamoja.

Kisha panda matembele. Hayahitaji mbegu, ni kukata ujiti na kuuchomeka. Mgagani na mlenda bibi zetu waliula, na ni mboga nzuri kuliko kabichi nyingi za sokoni. Wako vijana wanaoona haya kula mgagani kwa kuwa ni chakula cha zamani. Hao wanajipunja wenyewe. Mwenye kipande cha ardhi safi apande pia viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani. Hivyo vina vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Kituo cha Utafiti cha Ukiriguru, kule Misungwi, kinashughulika na viazi vitamu miaka mingi. Michembe ya viazi hivyo nayo huliwa, ila ianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini hiyo.

Nyanya ni tamu kwa pesa, lakini ina adui. Tangu mwaka 2014 nchi yetu imevamiwa na mdudu ambaye wakulima wamemwita kantangaze. Kiluwiluwi chake hutoboa majani na matunda. Dawa nyingi hazimtishi. Katika bustani ndogo, njia iliyo bora ni kukagua majani kila asubuhi, kung'oa jani lenye michoro myeupe na kulichoma moto. Mwenye mashamba ya ekari tano hawezi kufanya hivyo. Wewe mwenye viroba vitatu unaweza.

Pembeni panda mpapai na mpera. Mpera ukishashika hauhitaji mengi. Mama mjamzito anayekula mchicha ale na kipande cha papai au pera. Vitamini C iliyo katika matunda husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga, na hayo ndiyo yanayojenga damu.

STROBERI, TUNDA GENI

Sasa tuje kwenye stroberi. Ni tunda dogo, jekundu, lenye umbo la moyo. Mbegu zake ziko nje, juu ya ngozi. Mmea wake ni mfupi, hauzidi sana kimo cha kikombe cha chai. Hapa Tanzania hulimwa zaidi penye baridi, kama Lushoto, Arusha na Nyanda za Juu Kusini.

Tunda hili lina safari ndefu. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja, Frézier, alipeleka kwao miche kutoka Chile, Amerika ya Kusini. Miche ile ilikataa kuzaa vizuri. Ilipopandwa karibu na stroberi nyingine, iliyotoka Amerika ya Kaskazini, zikachanganyika. Hapo ndipo ilipotokea stroberi kubwa inayolimwa leo duniani. Mahindi, mihogo na nyanya navyo vilitoka Amerika, na leo hakuna anayeviita vigeni.

Je, itaota Nyarugusu? Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu ya ziwa. Usiku kuna ubaridi kidogo. Lakini mchana jua ni kali, na stroberi haipendi joto. Huzaa vizuri pale joto la mchana lisipozidi sana nyuzi 25. Kwa hiyo tuseme wazi. Stroberi hapa inaweza kuota, lakini haitazaa kama ya Lushoto. Mtu asikope fedha apande nusu ekari kwa kuwa amesikia bei ya mjini. Ajaribu kwanza miche kumi.

Tena usiilime kwa ajili ya afya peke yake. Gramu 100 za stroberi zina karibu miligramu 60 za vitamini C. Papai lina kiasi hicho hicho. Pera lina zaidi ya miligramu 200. Mpera wako nyuma ya nyumba umeishinda stroberi, wala haukuomba maji kila siku. Stroberi ilimwe kwa ajili ya kuuza, na kwa furaha ya watoto. Furaha nayo ni kitu.

Anayetaka kujaribu afanye hivi. Apate miche kwa mtu anayelima tayari. Mbegu za dukani huchukua muda mrefu na mara nyingi hazifanani na mama yao. Kiroba au sanduku la mbao liwe na udongo ule ule safi wenye samadi. Maji yasituame. Mche kwa mche uachane sentimeta 30.

Angalia sana kina cha kupanda. Stroberi ina moyo wake, pale majani yanapochipukia. Moyo huo ukifukiwa, mche huoza. Ukiachwa juu sana, mizizi hukauka. Moyo uwe sawasawa na uso wa udongo. Watu wengi wanaoshindwa na stroberi wameshindwa hapo tu.

Weka kivuli chepesi cha nyasi au wavu kuanzia saa tano mpaka saa kumi, hasa Agosti na Septemba. Tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga juu ya udongo. Maganda hayo hutunza unyevu na huzuia tunda lisiguse udongo, maana tunda likigusa udongo huoza. Maganda yatoke kwenye mashine ya mpunga wa mahali safi. Mwagilia asubuhi, udongoni, usiloweshe majani na matunda.

Maua ya kwanza yakate. Inauma, lakini yakate. Mche bado mdogo, unahitaji nguvu ya kujenga mizizi. Maua yatakayofuata yaache. Kutoka ua mpaka tunda jekundu ni kama mwezi mmoja. Ndege watajua kabla yako. Funika kwa wavu au chandarua kilichochakaa. Ila kisiwe chandarua ambacho mtoto bado anakilalia, malaria ipo. Konokono nao huja usiku. Waokote kwa mkono ukiwa na tochi.

Mmea ukikomaa utatoa mikono mirefu inayotambaa. Mwisho wa kila mkono kuna mche mchanga. Uweke mche huo juu ya kopo lenye udongo, ukiwa bado umeshikana na mama yake. Baada ya wiki tatu hivi utakuwa na mizizi. Kata mkono, umepata mche wa bure. Kwa njia hiyo miche kumi inaweza kuwa miche hamsini bila kununua tena. Baada ya miaka miwili au mitatu mimea ya zamani huchoka. Iondoe, tumia ile michanga.

KUCHUMA NA KUUZA

Stroberi haiivi baada ya kuchumwa. Si kama ndizi au embe. Ukiichuma ikiwa nusu nyeupe, itabaki chungu hivyo hivyo mpaka ioze. Chuma ikiwa nyekundu yote, asubuhi mapema kabla ya jua, pamoja na kikonyo chake cha kijani. Usiishike tumboni, shika kikonyo. Usiioshe kabla ya kuuza, kwa kuwa maji huiozesha. Mlaji ndiye ataosha.

Bila friji haikai zaidi ya siku moja au mbili. Hapa ndipo penye ugumu wa biashara yake. Hoteli na maduka ya Geita mjini na Mwanza yanaweza kununua, lakini barabara ina mashimo na jua halina huruma. Tunda laini likipakiwa kwenye mfuko nyuma ya pikipiki hufika likiwa uji. Tumia visanduku vifupi, tabaka moja au mbili tu. Ongea na mnunuzi kabla tunda halijaiva. Mjulishe ni siku gani utaleta na ni kiasi gani. Mwenye matunda machache ajiunge na wenzake wawili au watatu, ili safari moja ibebe mzigo wa wote na nauli igawanywe.

Yaliyopondeka usiyatupe. Yapike na sukari kwa moto mdogo mpaka yawe mazito, utie katika chupa iliyochemshwa na kufunikwa vizuri. Hiyo ndiyo jamu. Watoto wataipaka kwenye viazi vya kuchemsha asubuhi.

Mnunuzi akikuuliza tunda limelimwa wapi, usimfiche. Mwambie ni Nyarugusu. Atauliza, "Kule kwenye zebaki?" Hapo umweleze udongo ulitoka shamba gani, maji yalitoka kisima gani na kilipimwa lini, na kwamba nyumbani kwako hakuna anayechoma dhahabu. Kama kijiji kilipima udongo, mwonyeshe karatasi ya maabara.

Wakati mzuri wa kupanda miche ya stroberi ni mvua za masika zinapoelekea kuisha, mwezi wa Mei, ili mmea ukue katika ubaridi wa Juni na Julai. Viroba vya mchicha havina msimu. Unaweza kuanza Jumamosi hii.